Ncha ya Utosini

Biryogo, Kigali
6 Desemba 1992

Mpwa wangu, Dokta Audace Kaze,

Nakuandikia nikiwa mzima, na mama yako mzima, ila goti lake la kushoto ambalo halipendi mvua na mvua haijakatika tangu mwezi uliopita. Anasema umekonda kwenye ile picha. Nimemwambia Ulaya watu hukonda kwa akili, hakuniamini.

Sherehe yako tuliifanya, ingawa mwenyewe hukuwepo. Mama yako alialika watu wa kanisani kwake, mimi nikaalika watu wa msikitini kwangu, na wote walikula pilau moja uani kwangu. Mzee mmoja aliuliza umesomea nini hasa. Nikasimama nikamwonyesha kwa karatasi ngumu: hii ni kona, natia alama robo ya upande kutoka huku na robo kutoka kule, nakata, kona moja imekuwa mbili, lakini butu. Nakata tena, na tena. Mara ya nne kona umezitafuta huzioni, mkato wa kwapa la shati umepatikana. Nikawaambia, hivi ndivyo nilivyomfundisha akiwa na miaka minane, na yeye amekwenda kuwaeleza Wazungu kwa nini. Wakapiga makofi. Nilijisikia mrefu, Audace, sikufichi.

Sasa la kazi. Mzee Twizeyimana wa duka la vitambaa anamwoza mwanawe kabla ya Ramadhani. Anataka kofia za satini, za kuba, vipande vitano vinavyokutana utosini, za bwana harusi na wenzake kumi na wanne. Ile kalibu ya marehemu baba, ya mti, ambayo tunaivika kitambaa chenye wanga na kukipiga pasi, nimeiweka kabatini. Nimechonga mpya kwa kanuni uliyoniandikia mwezi wa nane. Duru nne za kukata, msumeno na tupa, vipimo vyako mstari kwa mstari. Nimewaambia wote kwamba kofia hizi zimepimwa na daktari wa hesabu.

Nyiransabimana anakusalimu. Unamkumbuka, fundi wangu wa kofia. Mwaka wa kumi na moja sasa tuko naye. Anasema kalibu yako inamkwaruza kiganja hapo juu kabisa, eti apitishe msasa kidogo. Nimemkataza. Nimemwambia hesabu haipigwi msasa.

Andika upesi. Mama yako huwa anapita posta kila Jumatatu kama aliyeajiriwa huko.

Mjomba wako anayejivuna,
Maneno


Liège
11 Januari 1993

Mjomba wangu Maneno,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Mimi sijambo. Huku theluji imeanguka ikayeyuka ikaacha matope, kwa hiyo viatu vyangu vinafanana na vya mtu wa Nyamirambo. Mwambie mama nakula. Mwambie pia asiende posta kwenye mvua, goti lile litamuumbua.

Nashukuru kwa sherehe. Sikutarajia watu wengi hivyo. Mjomba, ingekuwa vizuri kama ungengoja mpaka nirudi, maana mtu akisifiwa hayupo, maneno huwa yanazidi. Sisemi umekosea.

Kuhusu kofia za Mzee Twizeyimana, nafikiri kwa harusi hii mtumie kalibu ya babu. Ile imezoeleka. Kanuni yangu ni nzuri sana pale vipande vinne vinapokutana, kama kwenye nguo nyingi, na kwa mikato ya kwapa na shingo haina shida hata kidogo. Ya vitano ni mpya. Halafu mti wa huko hunywa maji, na mvua hizi unaweza kuvimba ukaharibu vipimo. Kwa hiyo si neno, iwekeni kando kwa sasa, tutaiangalia nikija.

Chuo kimeniahidi kazi ya kufundisha kuanzia mwezi wa tisa. Bado ni ahadi. Usimwambie mama mpaka niseme.

Nisalimie Nyiransabimana. Mwambie kiganja chake hakina kosa.

Mpwa wako,
Audace


Biryogo
2 Mei 1993

Mpwa wangu Dokta,

Barua yako ya Januari imefika baada ya Idi. Ilikuwa wapi muda wote huo, muulize aliyeibeba. Mambo ya hapa unayasikia redioni, mimi sitayaandika. Mama yako ana wageni saba nyumbani, watu wa kanisani kwao waliokimbia kutoka kaskazini, na ameanza kulala sebuleni. Anasema goti limepona. Limepona vipi na analala sakafuni, hilo sijui.

Sasa nikueleze, ingawa moyo hautaki. Harusi ilifanyika Januari. Asubuhi ya harusi yenyewe Mzee Twizeyimana alikuja dukani na kofia zote kumi na tano kwenye beseni. Hakupiga kelele. Aliichukua ya mwanawe, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza, "Fundi, hii ni nini?" Satini unaijua, haifichi kitu. Mwanga ulikuwa unateleza vizuri kutoka pembeni, ukifika utosini unavunjika. Palikuwa na ncha, Audace. Ndogo, kama punje ya mtama chini ya kitambaa. Kwenye kila kofia. Bwana harusi alivaa ya kuazima.

Nikasema labda ni ushonaji. Baada ya Idi nikakaa mwenyewe kwenye cherehani, nikazishona tatu kwa mkono wangu, kalibu ile ile, uzi mzuri, pasi ya makaa bila haraka. Zote tatu zikatoa ncha.

Kanuni ni yako, umeithibitisha mbele ya maprofesa, na kalibu nimeipima mara nne. Mti haujavimba, usiniliwaze. Kilichobaki ni mikono hii. Nina miaka sitini na mmoja. Baba yangu alishona mpaka sabini na tatu, nikadhani na mimi nitafika. Nimewatangazia wateja kwamba kofia sishoni tena, na mkasi wangu mkubwa nimempa fundi wa jirani. Sasa natia viraka na kupunguza suruali. Macho yangu naona yanaona, lakini inaonekana yananidanganya.

Usijilaumu kwa lolote. Kazi yako ni safi. Ni aibu yangu peke yangu, na nimeibeba.

Mama yako anakusalimu, na wageni wake wote saba.

Mjomba wako,
Maneno


Liège
9 Juni 1993

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome ukiwa peke yako, kisha uamue mwenyewe nani aisikie. Nimeiandika mara tatu nikaichana. Mara ya kwanza nilikuandikia kuhusu miwani. Nilikuwa nakushauri ukapime macho! Nilipoisoma nikaona nimefika mahali ambapo mtu hapaswi kufika.

Mikono yako ni mizima. Macho yako ni mazima. Kanuni yangu ndiyo mbovu.

Nikueleze ilivyo, maana wewe ndiye uliyenifundisha mwanzo wake. Kwenye kazi hii kuna maswali mawili. La kwanza: ukikata kona tena na tena bila kuacha, alama zako zinatulia mahali, au zinaruka huku na huku? Hilo nilithibitisha kwamba zinatulia, na ni kweli, hata kwa vipande vitano. La pili: hapo zilipotulia, kiganja kinapita au kinakwama? Ni maswali tofauti. Paa la nyumba limetulia, lakini lina ncha. Mimi nilijibu la kwanza, nikaandika kwamba nimejibu yote mawili.

Ukiangalia utosi, alama zinazouzunguka zinasogea karibu kila duru. Zinapungua upana, zinapungua na kimo. Kwa vipande vinne, kila duru upana unabaki nusu na kimo kinabaki robo. Kimo kinakwisha kwanza, kwa hiyo panalala. Hapo kanuni ni salama. Kwa vipande vitano nilisema "vivyo hivyo" na sikuhesabu. Neno hilo hilo, "vivyo hivyo", liko ukurasa wa tisini na sita wa tasnifu yangu. Nilipokuja kuhesabu nikakuta upana unabaki nusu, lakini kimo kinabaki sehemu sita katika kumi. Vikianza sawa, baada ya duru kumi upana umebaki sehemu moja ya elfu na kimo bado kina sehemu sita za elfu. Upana umekwisha, kimo kimesimama peke yake. Hiyo ndiyo punje yako ya mtama. Ungemweka fundi bora wa dunia kwenye cherehani ile, ingetoka.

Sasa lililo baya zaidi. Nilihesabu lini? Siku mbili kabla ya mtihani wangu wa Oktoba. Nilikuwa nachora picha kwenye kompyuta, nikaikuza, nikaiona ncha. Niliizima mashine. Siku ya mtihani nilifika ukurasa huo nikaufunua haraka nikasema "vivyo hivyo kwa vitano", na maprofesa watano wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu kurasa tisini na tano za mwanzo zilikuwa nzuri na walikuwa wananiamini. Wakanipa mkono. Jioni nikampigia mama simu kwa jirani yake, nikamsikia anapiga vigelegele.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, nilipokuandikia habari za mti kuvimba, nilikuwa najua. Nilikuwa nataka uache kalibu ile bila mimi kusema kwa nini. Na mwezi wa tano uliponiandikia kwamba mikono yako imekwisha, nilikaa na barua wiki mbili mezani, na kila nikiipita naigeuza isinitazame. Mjomba, niliona ni afadhali wewe uzeeke kuliko mimi nikosee. Sina namna nyingine ya kulisema.

Huku hakuna anayejua. Nakuomba usimwambie mama. Nakuomba urudi kwenye kazi yako.

Kuna kitu kimoja. Kwenye barua yako ya mwisho salamu za Nyiransabimana hazikuwemo, wala jina lake. Ni mzima?

Mpwa wako asiyestahili,
Audace


Biryogo
21 Agosti 1993

Audace,

Mama yako mzima. Wageni wake wamepungua, wamebaki wanne. Wanasema amani imetiwa sahihi kule Arusha, na watu barabarani wameanza kusalimiana, tuone.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini ya cherehani nikatoka. Nilikasirika mpaka nikapita msikiti bila kuuona. Miezi mitatu, wewe mtoto! Miezi mitatu nimekuwa nikiiangalia mikono yangu asubuhi kama mgonjwa anayeangalia kidonda. Nilifundishwa kazi hii na baba yangu, nikafundisha watu saba, na wewe ukaniacha nijizike mzima kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Halafu siku ya pili nikaisoma mwisho wake, unapomwulizia Nyiransabimana, hasira ikanigeukia mwenyewe. Nilikuandikia kwamba "nikasema labda ni ushonaji". Ushonaji wa nani? Hilo nililiruka. Wewe una ukurasa wako wa tisini na sita na mimi nina wangu.

Asubuhi ile Mzee Twizeyimana alipoleta beseni, duka lilikuwa limejaa. Wateja, mafundi wa jirani, wanawake waliopita kutoka sokoni. Nyiransabimana akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Fundi, mimi nilikuambia. Ile kalibu iko na ncha. Mara tatu nilikuambia, ukanikatalia msasa." Nikamjibu nini? Nikamjibu kwamba kalibu imethibitishwa na mtu aliyesoma miaka ishirini, na yeye hajamaliza hata darasa la nne, kwa hiyo ncha imetoka kwenye mkono wake unaovuta uzi kama anafunga mbuzi. Watu wakacheka. Nikamwambia achukue vitu vyake aende. Miaka kumi na moja, Audace. Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akachukua sindano zake kwenye kikopo, akapita katikati ya watu. Hata mimi nilicheka kidogo, ili waone sijaumia.

Na nilipozishona zile tatu mwenyewe zikatoka na ncha, nilijua basi kwamba mkono wake hauna kosa. Ningeweza kwenda kumwambia siku ile ile. Nikaona ni rahisi zaidi kusema nimezeeka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa kwa sababu yako, nikatia maji pipa zima.

Wiki iliyopita nikaenda Gahanga, amerudi kwao, analima. Nilisimamishwa mara mbili kwenye vizuizi vya barabarani nikaonyesha kitambulisho. Nikamkuta shambani ana jembe. Nikamwambia yote, habari yako na habari yangu, nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Yewe muzehe. Wewe ulinifukuza mchana, watu wote wako pale. Musamaha unaniletea huku kwa maharage, tuko wawili tu. Nani atajua?"

Nikamwambia Mungu anajua. Akasema, "Mungu alijua toka zamani. Mimi nasema watu ya Biryogo." Akaendelea kulima. Nilisimama pale nikiangalia mgongo wake, kisha nikarudi.

Unaniomba nisimwambie mama yako. Unaniambia mimi, chini kwa chini, kwa bahasha. Nimekusikia, lakini nimesikia na ya Nyiransabimana, na naona maneno yake yametupata wote wawili. Mimi bado sijasimama mbele ya watu. Kila Ijumaa nasema Ijumaa ijayo.

Maneno


Liège
23 Septemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumatatu iliyopita. Naandika kwa ufupi.

Idara yetu hukutana kila Alhamisi saa nne asubuhi, watu kama ishirini na wawili, na kila mara mmoja anaeleza kazi yake. Nilikuwa nimepangwa kueleza kazi ya vipande vitano. Jumanne nilikwenda kwa profesa wangu nikidhani nitamwambia yeye kwanza, faraghani. Nilikuwa nimeshabisha mlango nikakumbuka maharage ya Gahanga. Alipofungua nikamwomba chaki.

Leo nimesimama mbele yao. Nimeandika ubaoni: upana nusu, kimo sehemu sita katika kumi. Nimesema ukurasa wa tisini na sita ni uongo, na si kwamba niliukosea tu, niliujua kabla ya mtihani nikaufunua haraka. Nimesema kwamba Kigali kuna mwanamke ambaye aliijua ncha hiyo kwa kiganja, akaisema mara tatu, akafukuzwa kazi kwa sababu ya karatasi yangu. Mmoja akauliza jina lake. Nikaliandika ubaoni. Lilichukua nafasi kubwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba, ningependa wangepiga. Profesa wangu akasema sehemu ya mikato ya kwapa na shingo na ya vipande vinne inasimama, ya vipande vitano inatolewa, na kitivo kitakaa kuamua kuhusu shahada. Aliyekuwa akiketi karibu nami siku zote alihamia kiti kingine. Ile kazi ya kufundisha wamempa mtu mwingine, wamenijulisha mchana huu huu.

Usiniite Dokta tena mpaka wenyewe waamue, na huenda wasiamue vizuri. Mama nimemwandikia barua yake, iko ndani ya bahasha hii. Msomee wewe, miwani yake haifai kwa mwandiko wangu.

Audace


Biryogo
17 Oktoba 1993

Audace,

Mama yako nilimsomea uani, wageni wake wakiwa wanamenya ndizi. Nilipomaliza alisema nirudie pale ulipoandika jina la Nyiransabimana ubaoni. Nikarudia. Akasema, "Yeye amesimama. Wewe, kaka?" Basi. Alinyanyuka akaenda kukoroga sufuria.

Nikamtuma mtu Gahanga kumwambia Nyiransabimana kwamba Ijumaa ya tarehe kumi na tano, baada ya sala, nitasema mbele ya duka. Sikutegemea aje.

Tulitoka msikitini, wazee wakakaa kwenye mabenchi yangu kama kawaida, kahawa ikazungushwa. Mzee Twizeyimana alikuwepo, na mafundi, na wanawake wa mtaa wamesimama barazani kwao. Mama yako alikuja pia, na rozari yake mkononi. Nikaanza kwa kusema habari za mvua, nikaona ninajichekesha, nikaacha. Ndipo nikamwona. Alikuwa ng'ambo ya mfereji, amesimama ukutani kwa fundi wa viatu, na mwavuli umekunjwa, miguu ina vumbi mpaka magotini.

Nikasema sentensi tatu. Nilisema ncha ya kofia za harusi ilitoka kwenye kalibu niliyoichonga mimi. Nilisema Nyiransabimana aliniambia mara tatu na mimi nikamtukana mbele yao. Nilisema mkono wake hauna kosa hata moja, na baada ya kulijua hilo nilinyamaza miezi saba kwa sababu nilikuwa naona haya.

Mtu mmoja akacheka akidhani natania, alipoona sitanii akaacha. Nikageukia ng'ambo ya mfereji, nikasema, "Nyiransabimana, nakuomba radhi." Wote wakamgeukia.

Akasema, "Nimesikia, fundi." Kwa sauti ile ile ya kawaida. Akatazama watu mmoja mmoja, kama anayehesabu kama wametimia, wale waliocheka Januari. Halafu akashika mwavuli wake akaondoka kuelekea barabara kubwa.

Mimi moyo ulinishuka kwa faraja, nakwambia kweli. Nikaona nimemaliza. Watu wakanipa mkono, Mzee Twizeyimana akaniambia mimi ni mwanamume, kahawa ikazunguka tena. Nikakaa kwenye kiti changu nikanywa. Ilikuwa tamu.

Mama yako akaja akasimama mbele yangu. Hakusema kwa sauti, ni mimi tu niliyesikia.

"Kaka, huyu mama ametembea kutoka Gahanga mpaka hapa. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mlimpa kiti?"

Nikaangalia mabenchi. Nilikimbia mpaka barabara kubwa nikiwa na kikombe mkononi, nikatazama juu na chini, alikuwa ameshapita.

Hakuna aliyempa, Audace. Hata maji. Tulikuwa tumekaa wote.

Mjomba wako,
Maneno